Bomba linaloitwa chujio: sailensa, vipande vyake na forodha ya Marekani

Kazi yangu ni kuwashauri watu na kampuni ndogo zinazoingiza bidhaa Marekani, na kuna swali ambalo hunijia mara kwa mara kwa sura tofauti. Mtu ameona mtandaoni bomba la aluminiamu lenye vikombe vidogo vya chuma ndani yake. Bei ni ya kutupa. Muuzaji ameliita chujio la mafuta ya gari, au kifaa cha kukingia mafuta machafu wakati wa kusafisha bunduki. Mnunuzi hana gari lenye mahali pa kufunga kitu kama hicho, ila bunduki anayo. Swali lake: kwa kuwa karatasi za mzigo zinasema chujio, si ni chujio?

Maofisa wa forodha hawaamini karatasi kiasi hicho. Wao hufungua boksi na kutazama kilichomo, na sheria wanayoitumia imeandikwa kwa upana ambao wengi hawautarajii. Sailensa ya bunduki, kwa sheria ya shirikisho, ni kifaa chochote cha kunyamazisha, kufifisha au kupunguza mlio wa silaha ya moto inayobebeka. Ingeishia hapo, mawakili wangekosa kazi. Lakini inaendelea kutaja pia mkusanyiko wowote wa vipande vilivyobuniwa, au kubuniwa upya, na kukusudiwa kuundia sailensa. Kisha inaongeza kipande chochote kile ambacho kimekusudiwa kwa kazi hiyo tu.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayowanasa watu. Kikombe kimoja cha ndani, kikiwa hakina kazi nyingine duniani, ni sailensa nzima mbele ya sheria hata kama bomba lake halijawahi kununuliwa. Na sailensa yenyewe, kwa sheria hiyo hiyo, inahesabiwa kuwa silaha ya moto, ingawa haina risasi, haina kichochezi na haiwezi kurusha chochote. Kwa hiyo aliyeagiza bahasha ya vikombe kumi anaweza kujikuta anaulizwa kuhusu silaha kumi zisizo na namba wala usajili.

Hoja ninayoisikia zaidi ni ile ya mashimo. Bomba halijatobolewa, risasi haiwezi kupita, basi si sailensa. Idara ya ATF, inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, haikubaliani nayo. Kinachotazamwa ni kile kifaa kilichobuniwa kuwa. Vikombe vikiwa vimewekewa alama katikati kuonyesha mahali pa kutoboa, alama hiyo inamsaliti muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mwaka 2022 ATF ilikataa maombi mengi ya watu waliotaka kibali cha kujitengenezea sailensa kwa kutumia seti hizi za kusafishia, kwa hoja kwamba walichokuwa nacho mkononi tayari kilikuwa sailensa. Huwezi kuomba ruhusa ya kutengeneza kitu ambacho umeshakipokea kwa posta.

Neno zito katika sheria yote hii ni kusudio, na mahakama zimelivuta huku na huku. Mwaka 2014 jaji wa shirikisho mjini Washington, John Bates, alisikiliza kesi ya kampuni ya Innovator Enterprises. Kampuni hiyo ilikuwa imebuni kifaa cha mdomo wa mtutu cha kupunguza nguvu ya bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, ATF ikakiita sailensa kwa sababu kilikuwa na sifa chache zinazoonekana kwenye sailensa, bila hata kupima sauti yake. Jaji aliukataa uamuzi huo. Alisema panya hawi tembo kwa kuwa tu naye ana mkia, ngozi ya kijivu na miguu minne. Nampenda jaji huyu kwa sentensi hiyo, na wateja wangu huipenda zaidi yangu. Tatizo ni kwamba wao huishia hapo.

Mwaka 2016 ikaja kesi ya Sig Sauer, kampuni ya kutengeneza bunduki, katika mahakama ya rufaa ya eneo la kaskazini-mashariki. Kampuni ilikuwa imechomelea kwenye mtutu kipande kirefu chenye vyumba vyumba, ikasema ni breki ya mtutu tu, yaani cha kuzuia bunduki isirudi nyuma kwa nguvu. Kipande kile kilifanana na kiini cha sailensa ambayo kampuni yenyewe huitengeneza. Kilichokosekana ni ganda la nje. Mahakama ilisema mtengenezaji hawezi kulimaliza jambo kwa kutangaza kusudio lake mwenyewe. Ushahidi wa nje unahesabika: umbo, urefu, kufanana na bidhaa inayojulikana, na kama matumizi yanayodaiwa yana mashiko. ATF ikashinda. Kama kampuni kubwa yenye wahandisi na mawakili haikuaminiwa iliposema "hii ni breki", mnunuzi wa bomba la bei rahisi ajiulize neno lake litapimwaje, hasa maofisa wakishasoma aliyoyatafuta mtandaoni na maswali aliyomwandikia muuzaji.

Kuna kesi ya tatu inayosaidia kuonyesha mpaka. Mahakama hiyo hiyo ya rufaa, mwaka 2010, ilifuta hukumu ya mtu aliyetuma kwa posta bunduki ya upepo ikiwa na kiwambo chake cha sauti. Bunduki ya upepo si silaha ya moto kwa sheria ya shirikisho, na majaji waliona kwamba haitoshi kiwambo kuweza kufanya kazi kwenye bunduki ya kawaida. Lazima kiwe kilikusudiwa kwa ajili yake. Tofauti hiyo ni ya haki, lakini usiitegemee unapoagiza kiwambo cha bunduki ya kuchezea ambacho nyuzi zake za skrubu zinaingia sawasawa kwenye mtutu wa bunduki halisi. ATF imewahi kupima vifaa vinavyouzwa kwa jina la michezo na kuviainisha kuwa sailensa.

Mpaka hapa nimezungumzia kitu chenyewe. Uingizaji ni mlango mwingine, na ni mwembamba mno. Katika majimbo 42 raia anaweza kumiliki sailensa kihalali, akiisajili na kuchunguzwa. Watu husikia hivyo wakadhani kwamba wanachoweza kumiliki wanaweza pia kuagiza kutoka nje. Sheria ya Taifa ya Silaha za Moto, NFA, inaruhusu kuingiza vitu vya kundi hili kwa matumizi ya serikali, kwa utafiti wa kisayansi, au kwa mtengenezaji, mwagizaji au muuzaji aliyesajiliwa anayehitaji sampuli ya majaribio au ya kuonyesha. Raia wa kawaida hayumo kwenye orodha hiyo. Hakuna fomu atakayojaza wala ada atakayolipa ikamweka humo. Hata kampuni yenye sifa lazima ipate kibali cha ATF kwanza, kile kiitwacho Fomu 6, kabla mzigo haujaingia nchini.

Ndiyo maana habari ya kodi imenipa kazi ya ziada. Tangu 1934 kodi ya sailensa ilikuwa dola 200, kiasi ambacho wakati ule kilizidi bei ya bunduki nyingi na kilikusudiwa kuwakatisha watu tamaa. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliishusha hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Kodi ndiyo iliyoondoka. Usajili umebaki, na masharti ya uingizaji yamebaki yote. Sifuri ile imesomwa na wengi kama mlango uliofunguliwa.

Chanzo cha mizigo mingi inayokamatwa ni China, na hapo kuna kizuizi cha pili. China ni miongoni mwa nchi ambazo Marekani hairuhusu zana za kijeshi zilizo kwenye orodha maalumu kuingizwa kutoka kwao, na sailensa zimo kwenye orodha hiyo. Vifaa vya kuficha mwako wa mdomo wa mtutu navyo vimetajwa humo. Hili huwashangaza wapenzi wa bunduki, kwa sababu kificha mwako hununuliwa dukani Marekani bila kibali chochote. Ukikiagiza kutoka nje, unaingia kwenye orodha nyingine kabisa.

Boksi likigunduliwa, mara nyingi hutaifishwa na mnunuzi hupokea barua. Hilo ndilo tokeo jepesi. Wakati mwingine wachunguzi huliacha lifike mlangoni chini ya uangalizi wao, kisha hubisha hodi na hati ya upekuzi. Kupokea au kuwa na kifaa kilichoingizwa kinyume cha NFA kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 10, na waendesha mashtaka wanayo pia sheria ya magendo, ambayo kifungo chake hufika miaka 20. Sijui muuzaji yeyote wa ng'ambo aliyewahi kuja mahakamani kumtetea mteja wake.

Binafsi naona sheria hii ina upande wa ajabu. Mlio wa raifo huweza kupita desibeli 160, na kinga ya masikio inahitajika hata pale sailensa inapoupunguza kwa 20 au 30 hivi. Ule ukimya wa filamu haupo, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa vilevile. Huko Norway na Finland wawindaji hutumia sailensa kama chombo cha kawaida. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya sailensa mwaka 1909, aliiuza bila siri yoyote. Mtu anaweza kuamini haya yote, kama ninavyoamini, na bado asiwe na hoja hata moja ya kumsaidia mbele ya ofisa wa forodha.

Kama biashara yako inahusu vipande vya bunduki na una shaka na kimoja, peleka sampuli kwa kitengo cha ufundi cha ATF uombe uainishaji wa maandishi kabla ya kuagiza shehena. Majibu huchukua muda, na huenda usiyapende. Kama ni kifurushi chako binafsi na barua ya forodha imeshafika, usiwapigie simu kueleza kwamba ulidhani ni chujio, usiombe kirudishwe kwa muuzaji, na usifute ujumbe wowote kwenye simu yako. Tafuta wakili wa makosa ya jinai kwanza. Mimi wa mizigo, katika hatua hiyo, si mtu unayemhitaji.