Kwa nini kidonge cha upara ni dawa ya cheti

Dawa ya cheti ni ile ambayo mfamasia hakupi mpaka umwonyeshe karatasi ya daktari. Finasteridi, kidonge cha kuzuia upara wa kurithi kwa wanaume, ni mojawapo. Nywele tu, cheti cha nini?

Shida ni kwamba kidonge hakijui njia ya kichwani peke yake. Kinazuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayodhoofisha mashina ya nywele kwa waliorithi upara. Ukimeza miligramu 1 kila siku, DHT kwenye damu hushuka kwa zaidi ya nusu, na mwili mzima husikia. Hata chimbuko lake si nywele: Marekani iliiidhinisha mwaka 1992 kwa tezi dume iliyotanuka, miligramu 5, ya upara ikafuata 1997.

Baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na wapo wanaoeleza kwamba hali hiyo ilibaki hata walipoacha dawa. Zito zaidi ni sonona na mawazo ya kujiua. Uingereza iliamua mwaka 2024 pakiti ziwe na kadi ya tahadhari, na mwaka 2025 wadhibiti wa dawa wa Umoja wa Ulaya wakathibitisha kuwa mawazo hayo ni athari ya vidonge hivi. Binafsi ningemwambia na mtu wa nyumbani aniangalie, maana anayebadilika mara nyingi ndiye wa mwisho kujiona.

Halafu kuna kipimo cha PSA, kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume. Dawa hii hukishusha karibu nusu. Karatasi ikisoma 2.5, daktari anayejua unameza finasteridi ataihesabu kama 5 na kutaka kuchunguza zaidi. Asiyejua atakuruhusu uende nyumbani.

Na wale wanaonunua cha miligramu 5 wakikikata vipande kwa kisu cha jikoni: unga wake usiguswe na mjamzito, kwani unaweza kuharibu viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Minoksidili, dawa nyingine ya upara, ile ya kupaka, haichezei homoni, na nchi nyingi huiuza bila cheti. Zote mbili, ukiacha kutumia, nywele ulizoziokoa huanza kudondoka tena. Kwa hiyo anayeanza finasteridi anaanza safari ya miaka, na kila cheti kipya ni nafasi ya daktari kumuuliza tena: usingizi vipi, moyo umetulia, chumbani kwema?