Njiwa Aliyebeba Pakiti, na Mengine Niliyoyaokota Mtandaoni

Katika kazi yangu ya kusimamia mitandao ya kompyuta, ambayo nimeifanya jijini Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, nimejizoesha kuhifadhi kila kitu cha ajabu ninachokiokota mtandaoni, hasa kile kinachonichekesha kwanza kisha kikanilazimisha kuchukua kalamu na karatasi. Vya namna hiyo si vingi. Vingi tunavyotumiana kwenye simu huchekesha mara moja vikaisha ladha. Hivi nilivyovichagua leo nimevipenda kwa sababu ukivipigia hesabu, hesabu inakubali.

Cha kwanza ni waraka wa David Waitzman wa tarehe 1 Aprili 1990, wenye namba RFC 1149. Tangu Aprili 1969, Steve Crocker alipoandika waraka namba 1, kanuni za intaneti zimekuwa zikitolewa katika mfululizo wa nyaraka ambao jina lake, RFC, kwa unyenyekevu wa kushangaza, maana yake ni "Ombi la Maoni", na humo ndimo zilimowekwa taratibu za kusafirisha data na barua pepe tunazozitegemea kila siku. Ni nyaraka kavu, za kusomwa na fundi mwenye subira. Hata hivyo, Siku ya Wajinga ikifika, mara nyingi mfululizo huohuo hupenyezewa waraka wa mzaha, ulioandikwa kwa ukavu uleule, kiasi kwamba asiyetazama tarehe anaweza kuupeleka hadi mezani kwa mkuu wake wa idara.

Waraka wa Waitzman unaweka kanuni ya kusafirisha pakiti za intaneti, yaani vipande vidogo ambavyo data hugawanywa ili isafirishwe, kwa ndege wa mabawa. Pakiti huchapishwa kwenye kikaratasi kwa tarakimu za heksadesimali (namba za mafundi wa kompyuta zenye alama 16 badala ya 10), kikaratasi kikaviringishwa kwenye mguu mmoja wa ndege na kubanwa kwa utepe wa gundi. Ndege akishatua, utepe unabanduliwa na maandishi yanapitishwa kwenye skana. Mwandishi anaeleza kwa utulivu kwamba ukubwa wa pakiti hupimwa kwa miligramu, kwa kawaida 256, na kwamba kiasi hicho huongezeka kadiri mbebaji anavyozidi kuwa na umri.

Mzaha haukuishia kwenye karatasi. Tarehe 28 Aprili 2001, kikundi cha wapenzi wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mjini Bergen, Norway, kilichukua njiwa wa kweli na kuitekeleza kanuni hiyo. Zilitumwa pakiti 9 za pingi, yaani zile ambazo kompyuta moja huiuliza nyingine "upo?", na yakarudi majibu 4. Kompyuta, ambayo haina habari na mizaha, ilitoa ripoti yake ya siku zote: asilimia 55 ya pakiti zimepotea, na jibu lililowahi kuliko yote limechukua zaidi ya sekunde 3,200. Nimeisoma ripoti hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima, na kila mara kinachonivutia ni kwamba itifaki ya IP, yaani kanuni ya msingi ya kusafirisha pakiti kwenye intaneti, haikuona kasoro yoyote. Iliundwa isijali nani anaibeba, awe waya wa shaba, faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), mawimbi ya redio au mabawa. Haiahidi kwamba pakiti itafika, wala haisemi itafika lini. Kuulizia iliyopotea na kuzipanga zilizofika shaghalabaghala ni kazi iliyoachiwa itifaki nyingine zinazofanya kazi juu yake. Nimewahi kufundisha jambo hili kwa michoro na mishale kwa saa nzima, wanafunzi wakiniangalia tu, na siku nilipowasomea ripoti ya Bergen walilielewa kwa dakika tano.

Njiwa wa pili hakutumwa kwa mzaha mtupu. Septemba 2009 nchini Afrika Kusini, wafanyakazi wa kampuni moja, waliochoshwa na mwendo wa intaneti yao, walimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya kumbukumbu yenye gigabaiti 4 na kumrusha kutoka Howick kwenda Hillcrest, karibu na Durban. Aliruka kwa saa 1 na dakika 8, na ukijumlisha muda wa kunakili data hizo kwenye kompyuta ya pili, shughuli yote ilichukua kama saa 2 na dakika 7. Wakati huohuo waya wa simu ulikuwa umefikisha asilimia 4 tu ya mzigo uleule. Nilipiga hesabu: baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gigabaiti 4 ni gigabiti 32, na ukizigawanya kwa sekunde 7,620 unapata megabiti 4.2 kwa sekunde. Mwaka ule, ofisi nyingi za ukanda wetu zingemlipa Winston mtama wa kutosha kwa huduma hiyo.

Nalisema hili kwa sababu mwaka 2007 sisi wenyewe tulikuwa na njiwa wetu, isipokuwa alikuwa na magurudumu. Ofisi niliyokuwa nikiihudumia Mbeya iliunganishwa na makao makuu kwa setilaiti ya kilobiti 512 kwa sekunde, kwani mkongo wa kwanza wa baharini kutufikia, SEACOM, ulianza kazi Julai 2009. Tulitakiwa kuleta Dar es Salaam nakala ya kumbukumbu za gigabaiti 80. Kwa setilaiti, hata kama kila mtu angekaa mbali na kompyuta yake, zingehitajika siku 14 na nusu. Tukaichukua diski, tukaizungushia taulo, tukaitia kwenye boksi la sabuni na kumkabidhi kondakta wa basi la saa 12 asubuhi, tukimwomba asiiweke chini kwenye buti bali juu ya kiti chake. Saa 2 usiku niliipokea Ubungo, boksi likinuka vitunguu. Gigabaiti 80 kwa saa 14 ni megabiti 12 na ushee kwa sekunde, karibu mara 25 ya setilaiti yetu ya gharama.

Mtu akiniambia siku hizi kwamba intaneti yake "haina spidi", humuuliza anamaanisha nini, kwa sababu neno hilo limebeba vitu viwili. Kimoja ni upana wa njia, yaani ni mzigo kiasi gani unapita kwa sekunde, na basi letu lilikuwa na upana wa kutosha. Cha pili ni ucheleweshaji, yaani muda kati ya kuuliza na kujibiwa, na kwa kipimo hicho basi halifai kitu: huwezi kupiga gumzo na mtu kwa kondakta. Ndiyo maana simu ya video hukatakata kwenye laini inayopakua filamu bila shida.

Ucheleweshaji huohuo ndio mhusika mkuu wa kisa ninachokipenda kuliko vyote, alichokisimulia Trey Harris mwaka 2002 kuhusu siku alizosimamia mfumo wa barua pepe katika chuo kikuu kimoja huko North Carolina. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu kumweleza kwamba barua pepe zao hazivuki maili 500, yaani kama kilomita 800. Harris alimjibu kama ambavyo mimi ningemjibu, kwamba barua pepe haijui maili. Yule bwana akaeleza kwamba walikuwa wamesubiri siku kadhaa kabla ya kulalamika ili wakusanye data za kutosha, na kwamba mmoja wao alikuwa amekwisha kuchora ramani. Wanatakwimu hao! Harris akajaribu mwenyewe: Atlanta ikapokea, Washington ikapokea, Princeton ikapokea, Memphis ikakataa, Boston ikakataa.

Chanzo kilikuwa mshauri wa nje aliyefanyia seva matengenezo na, bila kujua, kurudisha toleo la zamani la programu ya kutuma barua. Toleo hilo halikuyatambua baadhi ya maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya toleo jipya, likayaruka, na thamani ya muda wa kusubiri jibu kutoka seva ya mbali ikabaki sifuri. Kwa mashine ile, sifuri ilimaanisha kukata tamaa baada ya milisekunde 3 hivi, yaani sehemu 3 za elfu moja ya sekunde. Mwanga husafiri takriban kilomita 300 kwa kila milisekunde, na kwa milisekunde 3 unafika karibu kilomita 900, au maili 558 na kidogo; seva iliyo mbali zaidi ya hapo haikuweza kujibu kwa wakati. Mwenye jicho kali atauliza mbona safari ya kurudi haikuhesabiwa, na mbona mwanga ndani ya faiba huenda kwa theluthi mbili tu ya mwendo huo. Ni maswali ya haki, na kisa kimesimuliwa kwa kurahisishwa, lakini kiini chake kinabaki. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata tukinyoosha faiba kama kamba ya kuanikia nguo, swali na jibu haviwezi kuchukua chini ya milisekunde 75. Hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachopunguza hapo.

Kipo pia kisa cha kahawa, nacho nitakipita haraka. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge walitega kamera mbele ya mtungi wao wa kahawa ili wasipande ngazi wakaukute mtupu. Picha hizo ziliwekwa kwenye wavuti mwaka 1993, na mtungi wenyewe uliishia kuuzwa kwa pauni 3,350 mwaka 2001. Kisha tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter akatoa RFC 2324, itifaki ya kuviamuru vyombo vya kahawa kwa mbali, yenye kosa namba 418: chombo kilichoamriwa kupika kahawa kinajibu kwamba chenyewe ni buli la chai. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa ucheshi wa kulidhania buli kuwa dele. Mwaka 2017 lilitolewa pendekezo la kuifuta namba hiyo kwenye programu kadhaa maarufu, watetezi wakajitokeza, na katika kanuni rasmi za wavuti za mwaka 2022 imeandikwa kuwa imetengwa, isipewe kazi nyingine.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja baharini upande wa Afrika Kusini, na simu yangu ikaita mfululizo hadi usiku, kijana mmoja wa zamu alinitumia swali fupi: "Mzee, sasa tunapita wapi?" Nikamtumia RFC 1149. Ulichukua dakika nne kumfikia, naye akajibu kwamba kwa hali ilivyo, asilimia 55 ya Bergen si mbaya.