Kiini cha programu ya terminali: yanayodhaniwa na yalivyo

Anayeanza kuunda programu ya terminali (dirisha la maandishi matupu) inayoendeshwa kwa kibodi pekee, iwe ya kupanga faili, kusoma barua pepe au kuangalia seva, mara nyingi huanza na vinavyoonekana: rangi, visanduku, mistari. Kiini, yaani sehemu ya kati inayounganisha kibodi, skrini na moduli (vipande vya programu vyenye kazi moja moja), hukikumbuka moduli ya tatu inapogoma kukaa na mbili za kwanza, na kufikia hapo dhana tano zilizo hapa chini zimeshaota mizizi ndani ya msimbo.

“Kitufe ndicho kitendo.”

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Unaandika kwamba ikibonyezwa `d`, faili ifutwe. Mambo yanakwenda vizuri mpaka unapoongeza kisanduku cha kutafutia, mtumiaji anaandika humo neno “dodoso”, na faili mbili zinapotea.

Kati ya kitufe na kitendo panatakiwa amri yenye jina lake. Moduli inasajili `faili.futa` kwenye kiini, pamoja na maelezo ya mstari mmoja na sharti la lini amri hiyo inaruhusiwa. Ramani ya vitufe inakaa mahali pengine kabisa, na kazi yake ni kusema tu kwamba `d`, tukiwa kwenye orodha, inaita `faili.futa`. Programu ya kuhariri maandishi ya GNU Emacs, iliyotoka 1985, imefuata njia hii mpaka mwisho: hata ukibonyeza herufi `a` ili uandike a, kinachoitwa ni amri iitwayo `self-insert-command`. Kwa haraka unaweza kuuona ni urasimu mtupu, ila malipo yake ni makubwa. Mtumiaji anabadilisha vitufe bila kugusa msimbo. Majaribio yanaita amri moja kwa moja bila kuigiza kibodi. Ukurasa wa msaada nao unajiandika wenyewe kutoka kwenye sajili, kwa hiyo haupitwi na wakati.

“Terminali huniambia kitufe kilichobonyezwa.”

Haikuambii. Inakutumia baiti, yaani namba ndogo, na kuzitafsiri ni juu yako. Endesha amri ya `cat -v`, inayoonyesha hata baiti zisizosomeka, kisha bonyeza mshale wa juu: utaona `^[[A`. Huo ndio mshale wenyewe, baiti tatu, ya kwanza ikiwa 27 (inayoonyeshwa kama `^[`). Sasa kitufe cha Esc hutuma nini? Hiyo hiyo 27, peke yake. Kiini kikipokea 27 hakiwezi kujua papo hapo kama mtu amebonyeza Esc au kama mabaki ya mshale yapo njiani. Kinalazimika kungoja milisekunde kadhaa, na kwenye SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) ya mtandao wa kusuasua mabaki hayo yanaweza kuchelewa kuliko subira yake. Ndiyo sababu Esc katika baadhi ya programu huonekana nzito.

Kuna jingine. Kwa utaratibu wa zamani, Ctrl pamoja na herufi hutoa namba ndogo: Ctrl+I ni 9, ambayo ndiyo Tab, Ctrl+M ni 13, ambayo ndiyo Enter, Ctrl+[ ni 27, yaani Esc tena. Ukiipa Ctrl+I kazi moja na Tab kazi nyingine, kwenye terminali nyingi utakuwa umekipa kitufe kimoja kazi mbili. Zipo itifaki mpya zinazotenganisha vitufe hivi, mojawapo ni ile iliyoanzishwa na terminali ya Kitty, lakini si kila terminali inaielewa, kwa hiyo ramani ya awali ya vitufe isiitegemee.

Tafsiri hii yote ifanyike mara moja, sehemu moja, ndani ya kiini. Moduli ipokee “mshale wa juu”. Moduli inayojua habari za `^[[A` imeshavuka mpaka.

“Nimegawa msimbo kwenye folda, basi ni moduli.”

Folda hazithibitishi kitu. Kama kila moduli inasoma kibodi yenyewe na kuandika kwenye skrini yenyewe, una madereva watatu kwenye usukani mmoja. Kibodi na skrini ni mali ya kiini peke yake. Moduli inapewa tukio na mstatili wa kuchora, inarudisha picha ya mstatili huo, basi. Tukio la kitufe hupita kwanza kwenye kidirisha kilichojitokeza juu, kisha kwenye sehemu yenye kielekezi, mwisho kwenye amri za programu nzima. Na moduli inayosubiri mtandao isishike mzunguko wa matukio, yaani kitanzi kinachopokea matukio moja baada ya jingine. Kazi ifanyike pembeni, matokeo yarudi kama ujumbe.

Programu ya kuhariri maandishi ya Neovim imekwenda mbali zaidi: kiolesura kimetenganishwa na kiini, na vinaongea kwa ujumbe wa MessagePack, muundo wa kufungasha data. Programu ndogo haihitaji kufika huko. Ningeshauri pia usifungulie watu wa nje mlango wa viongezi (moduli za nyongeza) kabla moduli zako mwenyewe hazijapita mlango huo huo, maana hapo ndipo utakapogundua umebana wapi.

“Kuchora skrini yote upya ni gharama.”

Skrini ya safu 80 kwa mistari 24 ina seli 1920, kila seli ikiwa nafasi ya herufi moja. Kompyuta ya leo inazilinganisha bila jasho. Gharama iko kwenye baiti zinazotumwa nje, na kumetameta hutokana na kufuta skrini kabla ya kuchora. Maktaba ya curses (msimbo wa kuchora skrini ya terminali), iliyozaliwa Berkeley, ililiweza hili zamani terminali zilipounganishwa kwa laini za simu za polepole: inatunza picha mbili, ya zamani na mpya, na kutuma tofauti tu. Moduli zichore kila kitu kwenye kumbukumbu, kiini kitume kilichobadilika.

Ila hesabu seli, usihesabu baiti. Neno `ng’ombe` likiandikwa kwa alama iliyopinda lina baiti 9 katika UTF-8 (utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti), lakini linachukua seli 7. Emoji nyingi huchukua seli mbili. Ukikosea hapo, ukingo wa jedwali lako utapinda.

“Kutoka ni kufunga tu.”

Programu ya aina hii ikianza, inazima mwangwi wa herufi, inaficha kielekezi na kuhamia skrini mbadala, yaani ya pili isiyogusa maandishi yaliyokuwepo, kwa `ESC[?1049h` (ESC ni ile baiti 27). Ikianguka bila kurudisha hayo, mtumiaji anabaki na terminali isiyoonyesha anachoandika. Urejeshaji ufanywe na kiini katika kila njia ya kutokea: kufunga kwa kawaida, hitilafu, SIGTERM (ishara ya mfumo inayoomba programu ifungwe), hata Ctrl+Z inayoisimamisha kwa muda. Tena ufanyike kabla ya kuchapisha ujumbe wa hitilafu, vinginevyo ujumbe unatoweka pamoja na skrini mbadala. Inayobaki ni SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo, ambayo haiipi programu nafasi ya kufanya lolote. Hapo mtumiaji ataandika `reset`, amri ya kurejesha terminali, bila kuona herufi anazobonyeza.