Kabla ya kubishania albamu ya mwaka, hakikisheni mmesikia albamu moja

Desemba ikiingia hapa Mtwara, ubishi wa albamu ya mwaka huanza wenyewe, hauhitaji mwenyekiti. Kijiwe chetu cha drafti kiko Chikongola. Mimi kazi yangu ni sauti: mchana nachanganya na kumasta (kuipa sauti umbo lake la mwisho) nyimbo za vijana studio, jioni nakaa kibandani nawaingizia watu nyimbo kwenye fleshi na memori kadi. Kwa hiyo wimbo nauona unavyotoka kwa prodyuza na nauona tena unavyoingia kwenye redio ya bajaji. Na ninapowasikiliza wanaobishana, naona shida inaanzia mbali kabla hata hatujafika kwenye ladha. Huyu anaisifia albamu, yule anaiponda, na ukiwauliza maswali mawili matatu unagundua kila mmoja alisikiliza ya kwake.

Albamu ni mpangilio. Wimbo gani ufungue, upi ufuate baada ya ule wa kuchezeka, wapi msikilizaji apumzishwe, upi ufunge. Hayo studio yanaweza kula usiku mzima kuliko hata kurekodi kwenyewe. Tabia hiyo ilitoka kwenye santuri. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu iliyobeba dakika 22 hivi kila upande, na hapo wanamuziki wakalazimika kufikiria mwanzo na mwisho mara mbili, kwa maana upande wa pili nao una mlango wake. Kanda ikarithi utaratibu huo. Professor Jay alipotoa Machozi Jasho na Damu mwaka 2001, kanda ndiyo ilikuwa imeshika mitaa, na kanda hairuki. Ukitaka wimbo wa nne unapeleka mbele kwa kubahatisha huku betri zinaisha, kwa hiyo unauvumilia ule wa tatu, na siku ya tano unajikuta unauimba. CD ikaja na dakika 74 na kitufe cha kuruka. Ikafuata fleshi, na hapa ndipo nataka tukae.

Redio nyingi za bei nafuu, zile za bajaji na sabufa za mezani, hazina habari na namba ya wimbo wala jina lake. Zinasoma orodha ya mafaili jinsi ilivyoandikwa ndani ya fleshi: faili lililotangulia kunakiliwa ndilo linalotangulia kupigwa. Sasa mtu anachagua nyimbo zote kwenye kompyuta, anazikokota kwa kushika ule wa mwisho, na Windows inaweza kuanza kunakili na huo huo alioushika. Wimbo wa kufunga albamu unakuwa wa kufungua. Msikilizaji anapokelewa na wimbo wa kuaga, anasema msanii kapoa.

Kuna redio nyingine zinazojitahidi kupanga, lakini zinapanga kwa herufi. Hizo ni balaa jingine. Chukua High School ya Harmonize, iliyotoka Novemba 2021 ikiwa na nyimbo 20. Ukiyapa mafaili majina yanayoanza na 1, 2, 3 hadi 20, redio ya namna hiyo itapiga 1, kisha 10, 11, 12, na kuendelea hadi 19, ndipo irudi kwenye 2. Yaani wimbo ambao msanii aliuweka wa pili unausikia wa kumi na mbili. Wa tatu unausikia wa kumi na nne. Nani ana subira hiyo? Dereva wa bajaji akimaliza ruti ya Shangani na kurudi, ameshasikia nyimbo sita, na hizo sita ndizo albamu yake. Atakuja kijiweni kuzitetea kwa jasho.

Dawa yake ni ndogo. Anza namba na sifuri: 01, 02, 03. Fomati fleshi, tengeneza folda moja, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa kufuata mpangilio, usiutume unaofuata kabla wa kwanza haujamaliza. Ukifanya hivyo, redio inayofuata orodha na redio inayofuata herufi zote zitakupa jibu moja. Wateja wangu wanachukia jambo hili.

"Kaka, mbona unaziweka moja moja? Nina abiria pale."

"Subiri kidogo, ndugu yangu. Unataka albamu au unataka nyimbo?"

"Nataka zilie tu, kaka."

Basi huyo namkokotea zote kwa pamoja, anaenda zake. Lakini jina lake nalishika, na Desemba akianza kuchambua mpangilio wa albamu ya mtu, namkumbusha.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti, na hili linawadanganya hata watu wa kazi. Sikio la binadamu hupenda kikubwa. Chukua wimbo mmoja, uupige mara mbili, mara ya pili uongeze desibeli mbili tu bila kumwambia mtu, halafu uliza upi umerekodiwa vizuri. Wengi watachagua wa pili, na watakupa na sababu: eti besi imekaa, eti sauti ya mwimbaji ina uhai. Wimbo ni ule ule! Ndiyo maana kwa miaka mingi mafundi wa kumasta tumekuwa tukisukumana nani apige kelele zaidi, tunaibana sauti mpaka sehemu ya chini na ya juu zinalingana na wimbo hauna pa kuvutia pumzi.

Spotify, iliyofungua milango Tanzania Februari 2021, inajaribu kumaliza ushindani huo kwa kushusha nyimbo zenye kelele na kupandisha zilizo chini, ili zote zikae karibu na kipimo kimoja, -14 LUFS kwa lugha yetu ya studio. Fleshi haina msuluhishi wa namna hiyo. Albamu iliyomastiwa kwa upole ikifuatana na iliyobanwa, ya upole itasikika imechoka. Naamini hilo liliiumiza hapa kwetu Definition of Love ya Mbosso, ya Machi 2021. Ile ni albamu ya kusikiliza mwimbaji anavyomeza pumzi kabla ya neno. Uipige barabarani baada ya wimbo wa klabu, hutasikia chochote zaidi ya injini.

Kwa hiyo mkitaka kulinganisha albamu mbili, msiache kitufe cha sauti palepale. Pigeni wimbo mmoja wa kila albamu, mrekebishe mpaka sauti ya mwimbaji, acha besi, isikike sawasawa kwa zote mbili. Besi haifai kwa kipimo hiki kwa sababu sauti ikiwa ndogo sikio letu haliishiki vizuri, na sabufa nyingi zinaiongeza kwa fujo. Mkishasawazisha, ndipo mfungue midomo.

Halafu kuna korosho.

Msinicheke. Orodha za albamu za mwaka duniani kote zina kilema cha tarehe: kilichotoka karibuni kinakumbukwa zaidi, na kilichotoka Desemba mara nyingi kinaachwa kwa kuwa watu wameshafunga hesabu. Hata ile taarifa ya mwaka ya Spotify, watu wanaigawana simuni kabla mwaka wenyewe haujaisha. Kwetu kilema hicho kina mbolea. Minada ya korosho huanza Oktoba, wakulima wanalipwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS zao, yaani vyama vya ushirika, na wiki chache baadaye unaona sabufa mpya zimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki zikielekea Tandahimba na Newala. Mtu mwenye sabufa mpya hatafuti wimbo wa Februari. Anataka kilichotoka juzi.

Mwaka 2021 ulionyesha jambo hilo wazi. Rayvanny alitoa Sound From Africa mwezi Februari, nyimbo 23, na Mbosso akafuata Machi. Hapo mvua zinanyesha, mifuko imekauka, watu wako shambani. Alikiba alitoa Only One King Oktoba, Harmonize akafuata Novemba, minada imechangamka. Mbili za mwanzo zilisikilizwa kwenye simu, mbili za mwisho kwenye sabufa mpya uwanjani, majirani wote wakiwemo. Ukiniuliza leo, kati ya hizo nne nitakupa Only One King, nyimbo 16 zinazopishana bila kukanyagana, ingawa najua na mimi niliisikia msimu wa pesa. Sound From Africa ingepunguzwa nyimbo nane ingekuwa hatari. Nyimbo 23 ni nyingi. Siku hizi kila mara wimbo unaposikilizwa unahesabiwa peke yake, kwa hiyo anayejaza nyimbo anajaza hesabu, na msikilizaji ndiye anayebeba mzigo.

Na Harmonize hapa ni wa kwetu, mzaliwa wa mkoa huu. High School ilipotoka, kura za kijiweni zilikuwa zimeshapigwa kabla haijasikilizwa. Sioni ubaya mtu kumpenda wa kwao, ila basi aseme anampenda wa kwao, asituletee habari za ubora wa kinanda.

Dawa yangu ya tarehe ni daftari. Albamu yoyote niliyoisikia mpaka mwisho naiandika nyuma ya daftari la mahesabu ya kibanda, mwezi na maneno mawili matatu. Desemba nafungua, na ya Februari inakuta nafasi yake. Wenzangu nao wameanza kuandika kwenye simu zao, ijapokuwa mmoja anaandika majina ya nyimbo tu, hajali imetoka albamu gani.

Kura yenyewe tunaipiga kwa utaratibu nilioupunguza kutoka kwa gazeti la Village Voice la New York. Gazeti hilo lilikuwa na kura ya mwaka ya wahakiki wa muziki, ikiitwa Pazz & Jop, iliyoanza mwaka 1971. Kila mhakiki alipewa pointi 100 azigawe kwa albamu kumi, asizidishe 30 kwa albamu moja wala asishuke chini ya 5. Sisi pointi 100 zilitushinda, tukagawa kwa tano: kila mtu anapata vifuniko 20 vya soda, vya drafti vipo tele, albamu moja isizidi vifuniko sita, na huna lazima ya kufikisha albamu kumi. Kila albamu ina kopo lake, limetandikwa kitambaa chini kwa sababu vifuniko vinalia na watu wana masikio. Unaingia kibandani peke yako, unagawa, unatoka. Tangu tufiche makopo, mtoto wa nyumbani anapata kura zake za haki na si zaidi.

Tunatangaza hesabu mbili, kama walivyofanya wao: vifuniko jumla, na watu wangapi wameweka angalau kimoja. Hizo mbili zisome pamoja. Albamu yenye vifuniko 18 kutoka kwa watu watatu ina wendawazimu wake watatu. Yenye 18 kutoka kwa watu tisa inapendwa na kila mtu kidogo, na hakuna atakayekesha kwa ajili yake. Mama anayetuuzia chai na mihogo huweka vifuniko sita kwenye kopo moja, sita kwenye la pili, nane vilivyobaki anavirudisha mezani. "Hizo nyingine sijazisikia, wanangu, nisiwadanganye." Mwalimu, ambaye hugawa kimoja kimoja kwa kila albamu ili asimuudhi mtu, hapo huwa ananyamaza.

Kilichobaki bila suluhu ni EP, yaani mkusanyiko wa nyimbo ulio mfupi kuliko albamu. I Am Zuchu ya mwaka 2020 ina nyimbo saba, mwenyewe kaiita EP. First of All ya Diamond Platnumz ya mwaka 2022 ina nyimbo kumi, nayo kaiita EP. Duka la Apple lina kanuni yake: nyimbo nne hadi sita zisizofika dakika 30 ni EP, zikizidi sita ni albamu. Kwa kanuni hiyo zote mbili ni albamu, na mimi nasimama na Apple, maana msanii akiruhusiwa kuchagua jina atajiita EP pale anapoogopa kulinganishwa. Mwalimu anasema mtoto huitwa jina alilopewa na mzazi wake. Mwaka huu nimeweka kopo la pembeni la EP, na wameshaanza kuuliza kama vifuniko vyake vinatoka kwenye zile 20 au vinaongezwa. Vinatoka kwenye zile 20.