Mbwa hakumpa mtoto kigugumizi

Juzi aliingia kliniki mama mmoja na mwanawe wa miaka minne na nusu. Hata hatujamaliza kusalimiana akaniambia, "Daktari, huyu alitishwa na mbwa." Nikaisoma karatasi ya rufaa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: kigugumizi kutokana na mshtuko.

Nina miaka kumi na saba katika kazi hii, nusu kliniki, nusu darasani, nikifundisha wanaosomea tiba ya usemi. Nimeshaletewa mbwa, radi, msiba, moto wa jiko, baba aliyerudi usiku akifoka, dada wa kazi aliyemfungia mtoto chooni, na mtoto aliyenyolewa kabla hajaanza kusema. Mama simlaumu, amebeba alichopewa. Lakini aliyejaza karatasi ile amesomea afya, na uvumilivu wangu umeishia hapo.

Woga hauzai kigugumizi.

Mtoto mwenyewe alikuwa sakafuni na gari la plastiki. "Ma-ma-ma-mama, ta-ta-tairi limetoka," akasema, akalinyanyua gari tulione. Hakufumba macho, hakukaza shingo, hakumtazama mama yake kuona kama amekosea. Kigugumizi kilikuwepo, woga haukuwepo. Mwenye macho angeliona hilo kabla ya kushika kalamu.

Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka miwili na minne, pale mtoto anapoanza kuunga maneno kuwa sentensi. Umri huohuo ndio anaogopa mbwa, anazaliwa mdogo wake, anahamishwa nyumba. Hakuna mtoto wa miaka mitatu ambaye hajatishwa na kitu. Ukikitafuta kisa utakipata, na ukishakipata unaacha kutafuta. Walioogopa mbwa na wakaendelea kusema vizuri hawaletwi kwangu, kwa hiyo hawaingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mengine niyapitie haraka. Watoto watano hivi katika mia hupitia kigugumizi, na tafiti nyingine zinapata zaidi. Robo tatu yao hivi huacha, wengi bila tiba. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika mia. Mwanzoni wavulana na wasichana hawapishani sana, lakini ukubwani ni wanaume wanne hivi kwa mwanamke mmoja, kwa sababu wasichana huacha zaidi. Na kinatembea kwenye ukoo. Mwaka 2010 Dennis Drayna na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani, wakianzia na familia za Pakistan, walionyesha kasoro kwenye jeni iitwayo GNPTAB. Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia seli kupeleka vimeng'enya mahali inapovunjia taka zake. Kwa nini hitilafu ya kuondoa taka imkwamishe mtu kwenye silabi ya kwanza na imwache mzima kwingine kote? Swali hilo bado liko wazi, na wanafunzi wangu nawaambia wazi kwamba jeni zilizopatikana zinaeleza sehemu ndogo tu ya wenye kigugumizi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, maana imani hii ya woga haikuanzia mtaani peke yake. Sisi wasomi tuliilisha.

Taaluma yetu ilijengwa kwa sehemu kubwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kuanzia miaka ya 1920. Lee Edward Travis, profesa wa pale, aliamini kwamba nusu mbili za ubongo zinagombania ulimi, na baadhi ya wenye kigugumizi wakafungwa mkono wa kulia ili watumie wa kushoto na nusu moja itawale. Mmoja wa waliopita pale ni Wendell Johnson, mwenye kigugumizi kikali, aliyekuja kuwa profesa palepale. Johnson aliiacha nadharia ya ubongo akashika nyingine: kwamba mtoto anajikwaa kama watoto wote, mzazi anasikia, anaogopa, anakiita kigugumizi, na ndipo kigugumizi kinazaliwa. Nadharia hiyo ilitawala kwa miaka mingi. Wazazi wakaambiwa neno kigugumizi wasilitaje kabisa. Akina mama wangapi wamelala na hatia hiyo sijui, lakini mimi bado nakutana nao.

Mwaka 1939 Johnson alimtuma mwanafunzi wake wa uzamili, Mary Tudor, kwenye kituo cha yatima mjini Davenport, Iowa. Watoto 22. Sita kati yao walikuwa wanasema vizuri, na hao waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, wajizuie, wasiseme mpaka wawe na uhakika wa kusema sawasawa. Kwa miezi kadhaa. Matokeo hayakuchapishwa, yalibaki kwenye tasnifu katika maktaba ya chuo. Gazeti moja la California lilipoyafichua mwaka 2001, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000.

Kila mwaka ninapofundisha kisa hiki, mwanafunzi mmoja huinua mkono na kusema: basi si ndiyo ushahidi kwamba woga unaleta kigugumizi? Nami kila mwaka nataka kupiga meza. Soma tasnifu! Watafiti wa kigugumizi Nicoline Ambrose na Ehud Yairi walizipitia upya takwimu za Tudor wakachapisha mwaka 2002, na hawakuona mtoto aliyegeuzwa kuwa mwenye kigugumizi. Walichopata watoto wale ni ukimya. Walijibu kwa neno mojamoja. Aliyekuwa mchangamfu mwezi uliopita hakutaka kusema. Mmoja alikuwa anaziba macho kwa mkono. Wametishwa makusudi, na mtu mzima wanayemwamini, kuhusu kusema kwenyewe, na bado ndimi zao hazikugeuka. Kama kuna mahali woga ulipewa kila nafasi ya kuzaa kigugumizi, ni pale Davenport. Ukazaa bubu wa kujitakia.

Hapo ndipo penye uzito wote. Woga upo kwenye kigugumizi, ila unakuja nyuma yake, na ukishafika unakaa. Kijana mmoja wa chuo aliniambia amekula maandazi asubuhi miaka miwili, na maandazi hayapendi. Anapenda chapati. "Ch" ndiyo haitoki. Anafika kwa mama ntilie, watu wamepanga foleni nyuma yake, mdomo umeshakaa tayari, hewa haipiti, anasema "maandazi." Jina lake mwenyewe ndilo gumu kuliko yote kwa sababu halina la kubadilishia, na aliyekuwa mbele yake mara nyingi hucheka: umesahau jina lako? Alipokuwa darasa la nne mwalimu alimsimamisha mpaka amalize kusoma aya. Huyo sasa anaogopa. Ukikutana naye leo utaapa kwamba woga ndio chanzo, kwa kuwa unauona usoni. Unasoma hadithi kutoka ukurasa wa mwisho.

Halafu linakuja la kaswida. "Mbona akiimba hakwami?" Huulizwa kwa sauti ya aliyenikamata. Hakwami akiimba, hakwami akisoma kwa pamoja na wenzake, mara nyingi hakwami akiwa peke yake. Kuimba na kusoma kwa pamoja humpa mapigo kutoka nje, saa ambayo ubongo wake mwenyewe unashindwa kuiendesha vizuri. Ndiyo maana hata mwenye woga mkubwa wa jukwaa akiimba mbele ya ukumbi mzima silabi zinapita. Picha za ubongo zinaonyesha tofauti kwenye njia zinazounganisha sehemu za kusikia na sehemu za kuendesha mdomo, upande wa kushoto. Zamani tulishindwa kujua kama tofauti hizo ni chanzo au ni kovu la miaka ya kukwama. Siku hizi zinaonekana hata kwa watoto wadogo walioanza juzijuzi, na hilo limenituliza kiasi. Mchana mbaya, mtihani, mkwe, simu ya ofisini: vyote vinazidisha. Upepo unazidisha moto pia, lakini upepo wa leo haukuuwasha moto wa jana.

Na tafadhali acheni "vuta pumzi kwanza." Anavuta, anaishikilia, anakwama na pumzi imejaa kifuani.

Kuna mambo ambayo vitabu vyetu havisemi kwa sauti. Vipimo tunavyotumia vimetengenezwa kwa Kiingereza. Kimojawapo huweka mpaka wa kigugumizi kwenye mikwamo mitatu katika kila maneno mia. "Hatutawapelekea" ni neno moja lenye silabi nane. Mwingereza angetumia maneno sita au saba. Maneno mia ya mtoto wetu ni safari ndefu zaidi, yenye mashimo mengi zaidi ya kujikwaa. Mimi nahesabu kwa silabi, ila hata hivyo mpaka wenyewe ni wa kuazima, nami huuandika kwenye faili huku roho haijatulia. Mwaka jana mwanafunzi makini kabisa aliniletea rekodi akiwa amemhesabia mtoto makosa mawili kwa "mbali mbali mbali." Mtoto alimaanisha mbali sana! Na kila "nanii" alikuwa ameipigia mstari mwekundu. Afrika Mashariki shahada ya kwanza ya fani hii ilianza Makerere mwaka 2008. Wataalamu ni wachache, na kipimo cha Kiswahili tutakitengeneza wenyewe au hakitakuwepo.

La pili ni tiba. Mbinu ya Lidcombe, kutoka Sydney, humfundisha mzazi kumsifu mtoto anaposema bila kukwama. Mbinu nyingine hupunguza mzigo wa mazungumzo kwa mtoto, bila kugusa kigugumizi moja kwa moja. Uholanzi walizilinganisha kwa watoto 199, na baada ya miezi 18 hazikupishana. Mawazo mawili yanayopingana yamefika kituo kimoja, na sehemu ya watoto hao wangefika hata kwa miguu. Naendelea kutibu kwa sababu siwezi kumjua mapema yule wa robo iliyobaki.

Nikamrudia yule mama. Nikamwomba anirekodie mtoto kwa simu akiwa anacheza nyumbani, siku nzuri na siku mbaya. Nikamuuliza kama kwenye ukoo kuna mwingine. Akasema hakuna, na hilo ndilo jibu la kwanza la karibu kila mtu. Nikauliza kwa njia nyingine: kwenu nani hapendi kuongea kwenye simu?

"Kaka yangu wa Tanga," akasema. "Ukimpigia hapokei. Anasubiri ikate, halafu anatuma ujumbe." Akamtazama mwanawe pale chini, anarudisha tairi. "Sisi miaka yote tunasema anaringa."