Safari ya meli mtoni ni nini? Tuutazame Douro, mto wa mvinyo wa Ureno

Ukitaja safari ya kitalii ya meli, wengi wetu tunawaza yale majengo yanayoelea ambayo hutia nanga Mombasa au Zanzibar: ghorofa kumi na zaidi, abiria maelfu, na siku nzima baharini bila kuona hata mnazi. Safari ya mtoni ni jambo dogo zaidi na la polepole zaidi. Meli ina ghorofa tatu hivi, abiria kwa kawaida hawafiki 200, na kingo zote mbili za mto huwa machoni muda wote. Mtu hupanga nguo zake kabatini mara moja tu, akalala kabini ileile wiki nzima, huku miji ikibadilika dirishani.

Ulaya safari hizi hufanyika sana kwenye Rhine, Mosel, Danube, Rhône na Douro, na mito yote hiyo hupita katikati ya mashamba ya mizabibu. Kuna sababu. Kabla ya reli, mvinyo ulikuwa mzigo mzito, na barabara za milimani zilikuwa za kuvunja magurudumu. Mkulima aliyepanda mizabibu kando ya mto ndiye aliyeweza kufikisha mali yake bandarini. Kwa hiyo mtalii wa leo anapita njia ya mizigo ya zamani, tofauti ni kwamba yeye amekaa kwenye kiti sitahani.

Douro ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mto huu huanzia Hispania, hukata kaskazini mwa Ureno na kumwagika Atlantiki penye mji wa Porto. Sehemu ya Ureno inayopitika kwa meli ni kama kilomita 210, kutoka Porto hadi mpakani, Barca d'Alva. Katikati yake ndiko yaliko mashamba yenyewe: milima mikavu ya mawe ya matabaka, iliyochongwa matuta kwa mikono ya watu, tuta juu ya tuta hadi kileleni. Mwaka 1756, chini ya waziri anayejulikana kama Marquês de Pombal, eneo hili liliwekewa mipaka ya kisheria, miongoni mwa maeneo ya kwanza ya mvinyo duniani kufanyiwa hivyo. UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Hapa Mswahili ana lake la kusema. Neno "mvinyo" tulilipata kwa Wareno, na "pipa" vilevile. Pale Douro "pipa" bado ni kipimo cha mvinyo, karibu lita 550. Sisi tukalitia maji ya mvua.

Mapipa hayo yalishushwa mtoni kwa rabelo, mashua ya chini bapa yenye tanga moja la mraba na kasia refu la nyuma la kuongozea. Kushuka kulikuwa kucheza na mauti kwenye maporomoko. Kupanda kulihitaji upepo, na ukikosekana, mashua ilivutwa kwa kamba na ng'ombe kutoka ukingoni. Mwaka 1861, Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa ameuchora mto huu kwenye ramani kuliko mtu yeyote wa enzi zake, alizama penye maporomoko ya Valeira. Wenyeji husimulia kwamba mkanda wake uliojaa pesa ndio uliomvuta chini.

Leo Valeira ni maji tulivu. Mabwawa matano ya umeme yameugeuza mto wenye hasira kuwa ngazi ya maziwa marefu, na meli hupanda ngazi hiyo kwa njia rahisi kuelewa. Inaingia kwenye chumba kirefu cha zege kando ya bwawa, lango la nyuma linafungwa, maji ya juu yanafunguliwa yaingie, na meli inainuka nayo hadi yalingane na ziwa la mbele. Hapo lango la pili hufunguka. Kwenye bwawa la Carrapatelo meli huinuliwa mita 35 hivi, na pengo kati ya ubavu wake na ukuta ni dogo kiasi kwamba abiria anaweza kugusa zege lenye ukungu.

Vyumba hivyo ndivyo vilivyoamua umbo la meli. Za Douro huwa na urefu wa mita 80 hivi, fupi kuliko zile za Rhine na Danube zinazofika mita 135. Kimo nacho hupangwa na madaraja: penye daraja la chini vivuli vya sitahani hukunjwa, na kwenye baadhi ya meli hata chumba cha nahodha hushushwa. Usiku meli za Douro hazisafiri kabisa; zinafungwa gatini hadi asubuhi. Kijana anayetaka disko atachoka siku ya pili.

Mchana abiria hushuka, tuseme Pinhão, wakapanda kwenye shamba, ambalo huko huitwa quinta. Baadhi ya mashamba bado hukanyaga zabibu kwa miguu ndani ya mabirika mapana ya mawe. Mvinyo wa porto hutengenezwa kwa kukatiza uchachu njiani: kabla sukari haijaisha, hutiwa pombe kali ya zabibu, na ndiyo maana hubaki mtamu huku ukiwa na kilevi cha karibu asilimia 20. Mimi ningechagua Septemba, wakati wa mavuno, hata kama bonde huwa bado na joto.

Mwisho wa njia ni Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto, ambako mvinyo hukomaa ghalani kwenye ubaridi wa bahari. Rabelo zimefungwa hapo mbele ya maghala kama matangazo ya biashara, mapipa matupu juu yake. Kila tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, hutwekwa matanga na kushindanishwa.