Pasi ya mwezi: ya karatasi na ya kadi, ipi inakula hela zaidi?

Pasi ya usafiri ni nauli unayolipa mapema kwa kipindi kizima: wiki, mwezi au mwaka. Ukishalipa, unapanda gari au treni ya njia hiyo mara yoyote utakayo bila kutoa hela tena. Mwenye usafiri anapata fedha yake mapema na kwa uhakika, wewe unapunguziwa bei. Kwa abiria wa Arusha aliyezoea konda wa Kilombero, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole na chenji yako "utapata mbele", jambo hili linaweza kuonekana la ughaibuni. Lakini mzazi anayemlipa bodaboda mwisho wa mwezi ili ampeleke mtoto shule kila asubuhi anayo pasi ya aina yake, ila imeandikwa mdomoni tu.

Wengi huchanganya kadi na pasi. N-Card wanayotumia watu wa Dar kulipia kivuko cha Kigamboni ni kadi ya salio: unaweka hela, ukivuka inakatwa nauli. Hiyo ni pochi, si pasi. Pasi yenyewe ni makubaliano, na makubaliano hayo yanaweza kuchapwa kwenye karatasi au kuwekwa ndani ya kadi yenye chipu. Ndiyo maana swali la "karatasi au kadi, ipi nafuu" mara nyingi halijibiwi na bei ya pasi, kwa kuwa njia moja na kipindi kimoja kwa kawaida bei ni ileile. Tofauti inajificha pembeni.

Tuanze na hesabu ya pasi yenyewe. Kwenye treni za Uingereza kuna kanuni ya siku nyingi: pasi ya mwezi ni bei ya wiki mara 3.84, na ya mwaka ni bei ya wiki mara 40. Tuilete Sakina, hapa Arusha. Tuseme nauli hadi mjini ni shilingi 600, kwenda na kurudi 1,200, na mtu anafanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa wiki anatoa 7,200. Tuseme pasi ya wiki ingeuzwa 6,000. Ya mwezi ingekuwa 23,040, ya mwaka 240,000. Gawanya 23,040 kwa 1,200 unapata 19.2, maana yake pasi ya mwezi inaanza kukulipa siku ya 20 ya kwenda kazini. Wa siku 26 anaokoa zaidi ya 8,000. Fundi anayeitwa kazini siku 15 kwa mwezi anapata hasara, na hakuna kadi ya kisasa itakayombadilishia hesabu hiyo.

Sasa karatasi. Haina gharama ya kuianzia, na huhitaji simu wala akaunti. Ila inalowa masika, inafutika maandishi, na ikipotea kupata nyingine ni kazi, kwa sababu aliyeiokota anaweza kuitumia. Pasi ya mwaka ya 240,000 kwenye kipande cha karatasi mfukoni, mimi nisingeithubutu. Kadi unainunua kwanza: London, kadi ya usafiri iitwayo Oyster iliyoanza mwaka 2003 ilifika pauni 7 mwaka 2022, na hela hiyo hairudishwi. Ukiigawanya gharama hiyo kwa miaka ambayo kadi inadumu, si kitu. Kwa mgeni wa siku mbili inauma. Faida yake ni kwamba ikisajiliwa kwa jina lako na ikapotea, inafungwa, na pasi yako inahamishiwa kadi nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo kadi inaliweza na karatasi hailiwezi: kuhesabu safari. Kwa Arusha naona hili ndilo zito kuliko yote. Hiace ya Ngaramtoni ina mwenyewe, ya Kwa Mrombo ina mwenyewe, na dereva jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi. Ukimwonyesha konda pasi ya karatasi uliyonunua kwa mtu mwingine, yeye atapeleka nini? Atakushusha, na kwa kweli ana haki. Kadi inayogusishwa kwenye mashine inaandika gari gani lilimbeba nani, kwa hiyo fedha za pasi zinaweza kugawanywa kwa wenye magari. Kinachogharimu hapo ni mashine kwenye kila gari na mtu wa kuaminika wa kushika mfuko, na gharama hiyo itaingia kwenye nauli ya abiria kwa njia moja au nyingine.

Kuhesabu huko pia kumezaa kitu ambacho kwa anayelipwa kwa siku naona ni bora kuliko pasi: ukomo wa malipo. London, tangu 2014, anayegusisha kadi ya benki analipa safari moja moja, lakini makato yake ya Jumatatu hadi Jumapili yakifika kiwango fulani yanasimama. Hakopi ili anunue pasi, wala hakisii atasafiri siku ngapi. Treni za Uingereza nazo zilileta mwaka 2021 pasi ya siku 8 za kutumia ndani ya siku 28, kwa wanaofanya kazi nyumbani siku nyingine. Hiyo haichapwi kwenye karatasi kabisa.

Kabla ya kulipa ya mwaka mzima, uliza marejesho yanapigwaje ukihama au ukiachishwa kazi. Kule Uingereza hawakurudishii kwa kugawanya mwaka kwa siku. Wanakukata kana kwamba ulikuwa unanunua ya mwezi mwezi, na 40 ukigawanya kwa 3.84 ni kama 10.4, yaani pasi ya mwaka ina bei ya pasi 10.4 za mwezi. Kwa hiyo ukiirudisha baada ya miezi kumi na nusu hupati kitu, iwe ya karatasi au ya kadi.